Keke ya Kifua

Sukari ilifika nyumbani kwa Ildefons siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, kilo nzima, imefungwa kwenye karatasi ya kaki, na Kokushubila, mkewe, ndiye aliyeipokea. Mwaka ule sukari haikuwa kitu cha kupelekeana hivi hivi. Watu walipanga foleni dukani tangu alfajiri, wakarudi na robo kilo, wakaificha chini ya kitanda. Jirani akikuletea kilo nzima bila kuombwa, basi humo ndani mwako kuna mtu anayesubiriwa kufa.

"Ni ya uji wa mgonjwa," Alistidia alisema, huku akiitazama migomba. Shamba lake lilipakana na lao. Alikuwa mwanamke wa huruma nyingi, na macho yake yalikuwa makali kuliko huruma yake.

"Mgonjwa gani, Ma Alistidia?"

"Bojo, tafadhali, Kokushubila. Usinifiche mimi. Juzi nilimwona anaoga kule kijitoni."

Kokushubila alishukuru, akaingia ndani, akaiweka sukari juu ya kabati, akaketi akiitazama.

Alichokiona Alistidia, yeye alikuwa akikiona kila siku. Kifuani mwa Ildefons, kutoka chuchu ya kushoto mpaka ya kulia, palikuwa na ukanda mwekundu uliochubuka, na sehemu nyingine ulikuwa ukitoa maji. Mbavu zake zilihesabika kwa mbali. Na mwaka huo wa themanini na sita, kuanzia Bukoba mpaka Muleba, hakuna aliyehitaji daktari wa kumweleza maana ya mwanamume kukonda na kutokwa na mkanda wa jeshi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na majina mengi. Wengine waliuita Juliana, kama vile ni binti wa mtu. Lakini hakuna aliyelitaja jina lolote mbele ya mwenye nyumba. Walileta sukari, wakatazama migomba.

Ildefons mwenyewe alikuwa na maelezo yake, nayo yalikuwa neno moja: keke.

Alikuwa fundi chuma, na banda lake lilikuwa hapo hapo uani, Izigo. Miezi miwili nyuma Padri Privatus alimletea mabamba mawili ya chuma yaliyokatwa kwenye lori la jeshi lililoungua wakati wa vita, ili atengeneze kiti cha kengele ya kanisa. Mbao za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa, na kengele ilikuwa imekaa chini mwaka wa tatu, ikigongwa kwa nyundo kama sufuria. Padri alikwisha kutangaza altareni kwamba Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, tarehe kumi na tano Agosti, kengele italia ikiwa juu. Aliyatangaza hayo bila kumuuliza fundi.

Mabamba yalitaka matundu kumi na mawili, na chuma kilikuwa kinene kama kidole gumba, kigumu kama roho ya aliyekitengeneza. Mjini kulikuwa na mashine ya kutobolea ya umeme, lakini mota yake iliungua na ilikuwa ikisubiri kipuri kutoka Dar es Salaam tangu mwaka juzi. Kwa hiyo ilibaki keke ya Ildefons, keke ya kifua, ya kuzungusha kwa mkono, yenye gia mbili, biti ya kutobolea kule chini na bapa la chuma kule juu. Fundi huliegemeza bapa kifuani, huilalia keke kwa uzito wake wote, huku mkono ukizungusha. Ildefons alikuwa akiilalia tangu asubuhi mpaka jioni. Tundu moja lilimla siku kumi, hata zaidi, na kila tundu liliondoka na kipande chake cha nyama.

Kokushubila aliyaamini maelezo hayo siku tatu katika wiki. Siku nne zilizobaki aliogopa. Baada ya vita Ildefons aliwahi kufanya magendo ng'ambo ya mpaka, kule Masaka, miezi kadhaa, na alirudi na redio, vitenge viwili na tabia ya kunyamaza. Mke hasahau mambo kama hayo.

* * *

Siku ya Jumanne mtu mmoja alikuja kuchukua baiskeli yake aliyoileta kuungwa fremu.

"Bado sijaigusa," Ildefons alisema bila kuinua kichwa.

"Haidhuru, fundi. Wewe pumzika."

"Nipumzike nini? Ijumaa itakuwa tayari."

"Pumzika tu, Ta Ildefons," mtu yule alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto, akaibeba baiskeli yake begani kwa sababu haikuweza kusukumwa.

Kisimani wanawake walimpisha Kokushubila achote wa kwanza. Ile iliuma kuliko yote. Huko Izigo mwanamke hupishwa kisimani siku tatu baada ya kuzika, na yeye mume wake alikuwa hai, yuko bandani, anazungusha keke na kuitukana.

Mchana akatokea Karugendo, kaka mkubwa wa Ildefons, kutoka Muleba. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, mwenye koti, tumbo lililotangulia, na fimbo asiyoihitaji. Hakwenda moja kwa moja bandani kumsalimu mdogo wake. Alianzia shambani. Kokushubila alimwona akipita kati ya migomba, akiinama, akigusa shina, akisogeza jani kwa ncha ya fimbo.

"Kibanja kimetunzwa," alisema alipofika jikoni. "Hata mbolea mmeweka."

"Asante, Ta Karugendo. Karibu ukae."

"Huyu mdogo wangu, mabinti wake ni wawili tu, siyo? Jovita na yule mdogo?"

"Unawajua, shemeji. Wote ulihudhuria ubatizo wao."

"Nauliza tu." Akakohoa. "Jumapili, baada ya misa, nitakuja na wazee watatu wa ukoo. Ni vizuri mtu aseme maneno yake angali na nguvu ya kusema. Tutasikiliza wosia. Wewe usiwe na wasiwasi, utapika tu."

Kokushubila alikuwa ameshika sahani, akaendelea kuishika. Alijua wosia wa namna hiyo ulivyokwenda. Kokwijuka, wa nyumba ya tatu, mumewe alizikwa mwezi wa Machi, na mwezi wa Aprili shemeji zake walimtoa kwenye kibanja na mkeka, chungu na kuku mmoja. Naye kama Kokushubila alikuwa na mabinti watupu. Ukoo hausubiri. Mtu akifa bila mtoto wa kiume, kaka ndiye omusika, mrithi, na mjane anarudi kwao kama amewahi kuwa na kwao.

Alikwenda bandani.

"Kaka yako anakuja Jumapili na wazee."

Ildefons alifurahi kwelikweli. "Wanakuja kuangalia kiti cha kengele? Karugendo hajawahi kuja kuangalia kazi yangu hata siku moja!"

Kokushubila alimtazama mume wake, mbavu zile, uso ule uliojaa vumbi la chuma na furaha, akashindwa kusema. Ningekuwa mimi ningesema, na wewe msomaji labda ungesema. Yeye alirudi jikoni akakoroga uji, akaitia ile sukari vijiko vinne.

* * *

Alimlisha mumewe siku ya Jumanne, akamlisha Jumatano. Ndizi, maharage, samaki wa Kemondo, maziwa. Ildefons alikula kila kitu na jioni akawa mwembamba kama asubuhi, maana yote aliyotia mdomoni yalitokea kwenye keke.

"Acha hii kazi," Kokushubila alimwambia.

"Padri ametangaza."

"Basi badilisha keke. Isikae kifuani."

"Keke ya kifua isikae kifuani? Ikae wapi, Kokushubila? Kichwani?"

Lakini neno lilimwingia, kwani alikuwa fundi, na fundi huwezi kumwambia chombo chake kina kasoro akalala usingizi. Jumatano nzima alichora kwa mkaa kwenye mlango wa banda. Alichora keke yenye gia saba. Alichora nyingine yenye springi ya lori na kanyagio la cherehani. Mwisho alifunga jiwe la kusagia juu ya bapa kwa kamba, akazungusha mara mbili, jiwe likateleza likamwangukia kwenye dole gumba la mguu. Sasa akawa mtu aliyekonda, mwenye mkanda kifuani, na anayechechemea. Alistidia alipomwona akichechemea alijishika kichwa, akaenda kuwaambia wengine kwamba ugonjwa umeshafika miguuni.

Alhamisi Kokushubila aliifunga keke kwenye kanga, akatembea mpaka barabarani, akapata lori la kahawa lililokuwa linakwenda Bukoba. Alishuka akaenda Miembeni kwenye duka la vyuma la Navnit, kwa sababu keke ile Ildefons aliinunua kwa baba yake Navnit, mzee Thakorbhai. Duka lilikuwa na rafu ndefu na vitu vichache. Navnit alikuwa nyuma ya kaunta, na mama yake, Chandrika, kwenye kiti cha kamba akichambua mchele.

"Nataka mnibadilishie hii," Kokushubila alisema. "Inamla mume wangu."

Navnit aliifungua kanga, akaitambua keke, akacheka kwa mapenzi. "Mama, tazama! Ile ya baba!" Kisha akaona mwenzake hacheki. "Dada, sina nyingine. Hata biti sina. Mwaka wa pili huu nauza vitasa na misumari tu. Inamlaje?"

Kokushubila alimweleza. Alipofika kwenye kifua, mama na mtoto walitazamana haraka, kama walivyotazamana watu wote, na Kokushubila akahisi damu inampanda usoni.

"Ni keke!" alisema kwa sauti. "Ni hii hapa! Kama mnadhani ni kitu kingine, semeni!"

Chandrika aliweka ungo chini. "Mume wako kilo ngapi?"

"Sijui. Hamsini. Hajawahi kuwa mnene."

"Basi." Mama yule alimpiga mwanawe kofi dogo mkononi. "Baba yako alimwambia siku ile, nakumbuka mimi. Alimwambia, bwana, hii keke imetengenezwa kwa Mzungu mnene. Chuma hakitaki nguvu. Kinataka uzito. Mtu mwenye tumbo anailalia tu, inaingia yenyewe. Mwembamba lazima asukume kwa mifupa." Akamtazama Kokushubila kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, bila ubaya wowote. "Wewe kilo ngapi?"

Kokushubila hakuwa mtu mdogo. Siku za nyuma jambo hilo lilitajwa kwenye nyimbo za harusi yake. Lakini hakuna aliyewahi kulitaja kwenye duka la vyuma, na alichukua muda kuelewa kwamba anasaidiwa.

* * *

Ijumaa asubuhi alikata mti mrefu wa mkalitusi, akauburuta mpaka bandani.

"Toboa nguzo hapa," alimwambia mume wake, "juu kidogo ya kiuno. Ncha ya mti iingie humo. Keke isimame wima hapa karibu na nguzo, juu ya bamba, na mti ulale juu ya bapa. Huku kwenye ncha nyingine nakaa mimi. Wewe unashika na kuzungusha."

"Wewe ukae juu ya mti?"

"Ndiyo."

"Kama kuku?"

"Kama kuku, Ildefons. Toboa nguzo."

Alitoboa, huku akinung'unika kwamba mti utateleza. Kweli ukateleza. Akauchonga kishimo chini yake ili bapa liingie, ukaacha kuteleza. Kokushubila akakanyaga kigogo, akapanda, akaketi kwa uzito wake wote, na keke ikakwama kabisa, haikuzunguka hata nukta.

"Kaa kidogo!" Ildefons alipiga kelele. "Utanivunjia biti!"

"Kidogo kiasi gani?"

Alifikiri. "Kaa kama uko kwa wakwe."

Kokushubila akajiinua, akakaa kwenye ukingo wa kalio moja, miguu ikisaidia, kama alivyokaa siku ya kwanza mbele ya mama mkwe. Ildefons akazungusha. Mwanzo palitoka ungaunga ule ule wa siku zote. Kisha sauti ya keke ikabadilika, ikawa nzito, ya kutafuna, na kutoka kwenye tundu ukatoka uzi wa chuma, mrefu, unang'aa kama nywele za Mhindi, umejipinda. Ildefons aliacha kuzungusha. Aliuokota, akauweka kwenye kiganja, akamwonyesha mkewe. Miezi miwili alikuwa hajauona.

"Sasa kaa kama uko kanisani," alisema kwa sauti ya chini.

Tundu la sita lilimalizika kabla ndizi hazijaiva jikoni. Hadi Jumamosi jioni walikuwa wamefika la nane, na kifua cha Ildefons, kilichopakwa samli na kuachwa kupumua, kilikuwa kimeanza kukauka.

* * *

Jumapili walifika mapema kuliko walivyotarajiwa, Karugendo mbele, wazee watatu nyuma, na Alistidia ambaye hakuna aliyemwalika. Walipitia uani na sura za msiba, wakaelekea kwenye sauti ya keke.

Walimkuta Kokushubila juu ya mti, futi nne kutoka ardhini.

Kwa desturi, wazee wa ukoo wakifika mwanamke huketi chini kwenye majani na kuwasalimu akiwa amepiga magoti. Huyu alikuwa juu ya vichwa vyao, ananing'iniza miguu.

"Kasinge, wazee wetu," aliwasalimu kutoka kule juu. "Mnisamehe. Nikishuka biti itavunjika."

"Leo Jumapili!" mzee mmoja alishangaa.

"Padri ametoa ruhusa," Ildefons alijibu huku akizungusha. "Kazi ya kengele si dhambi. Karibuni! Mmekuja wakati mzuri, hili la tisa ni baya, nimegonga sehemu ngumu. Uzito hautoshi. Kaka, wewe una uzito. Panda."

"Mimi?"

"Nyuma ya mke wangu hapo. Vua koti."

Karugendo aliwatazama wazee. Wazee wakamtazama, na mmoja wao, aliyekuwa na hamu ya kuona, akamshikia fimbo. Ni vigumu kumkatalia mgonjwa siku ya wosia wake. Akakanyaga kigogo, akapanda, tumbo likifuata baadaye. Mti ukalia.

"Kaa taratibu, kaka. Kama uko kwa wakwe."

"Niko sawa."

"Sasa kama kanisani. Bado. Bado haiumi. Basi kaa kama uko nyumbani kwako."

Karugendo akakaa kama yuko nyumbani kwake. Kwa hilo alikuwa tayari muda mrefu. Keke ikanguruma, uzi wa chuma ukatoka mnene, Ildefons akazungusha kwa mikono miwili, jasho likimtiririka, na wazee wakasogea mpaka pua zao zikakaribia gia. Kokushubila alijua sauti ile. Alijua kwamba tundu likikaribia kutokeza upande wa pili lazima mtu ajiinue. Alijiinua, akashuka kwa miguu yake. Shemeji yake hakujua.

Biti ilitokeza. Keke ikazama, mti ukafuata, na Karugendo akaenda chini na kishindo, chali, miguu hewani, na yule mzee wa fimbo chini ya mguu mmoja. Alistidia alipiga yowe lililosikika barabarani.

Ildefons alicheka mpaka akalia. Kisha akainama, akamkumbatia kaka yake kiunoni, akamnyanyua, kilo tisini na ushee, akamsimamisha wima na kumpangusa vumbi. Wazee waliliona hilo. Walitazama mikono ile kwa muda mrefu.

"Kwa mgonjwa," mmoja alisema, "ana nguvu."

"Mgonjwa nani?" Ildefons aliuliza.

Aliwatazama wazee, akamtazama kaka yake, akamtazama Alistidia ambaye alikuwa ameirudia migomba kwa macho, na hatimaye mke wake. Hapo akaelewa yote kwa mpigo: baiskeli iliyobebwa begani, samaki wa Kemondo, uji mtamu. Kicheko kilimtoka usoni. Alifungua shati polepole, akaichomoa keke, akaliweka bapa juu ya kidonda chake. Lilikaa sawasawa, pembe kwa pembe.

"Huu ndio mkanda wangu," alisema. "Mlidhani nini?"

Karugendo alikohoa. "Ndugu yangu, watu walisema. Tumshukuru Mungu. Basi hakuna haja ya kikao. Wazee, twendeni."

"Haja ipo," Kokushubila alisema.

Sasa alikuwa amepiga magoti, chini kwenye vumbi la chuma, kama desturi inavyotaka. "Mmetoka mbali, wazee wetu. Mliitwa kusikia wosia, na Ta Karugendo ndiye aliyewaita. Ndizi zimeiva, kuku amechinjwa. Mtarudi bila kusikia? Mbona mwenye wosia yupo, ana akili timamu, na mashahidi ni ninyi?"

Yule mzee aliyeangukiwa, ambaye nyonga ilikuwa ikimuuma na alijua ni kwa sababu ya nani, aliketi kwenye kigogo. "Mama anasema kweli. Wosia wa mzima ndio wosia. Wa mgonjwa huwa na maneno baadaye. Sema, Ildefons."

Ildefons alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Nikifa," alisema, "mke wangu akae humu mpaka mwisho wake. Asitolewe. Ale ndizi zake, achume kahawa yake. Auze ardhi, hapana, ardhi ni ya ukoo, nimekubali. Lakini asitolewe, wala mabinti zangu wasifukuzwe wakija kwao. Atakayemtoa, mimi sikumkubali kuwa omusika wangu. Nimemaliza."

"Tumesikia," wazee walisema, mmoja baada ya mwingine.

Wakamtazama wa nne. Karugendo alikuwa anatafuta koti lake, na koti lilikuwa limeshikwa na Alistidia, ambaye hakuonekana kuwa na haraka ya kulitoa.

"Nimesikia," alisema.

* * *

Walikula, wakaondoka. Yalibaki matundu matatu na siku tano. Kokushubila alivua kanga ya heshima, akafunga ya kazi, akapanda mahali pake. Ildefons alisimamisha keke kwenye alama ya kumi, akazungusha mara chache mpaka ikashika, halafu akasita, mkono kwenye mpini.

"Na wewe ulidhani nakufa?"

Kokushubila alitaka kusema hapana. Ilikuwa rahisi sana kuisema.

"Nilidhani," alijibu. "Hata sasa sijui, Ildefons. Mkanda ni wa keke, nimeona. Masaka sikuwepo."

Ildefons aliinamisha kichwa, akaifuta gia kwa kidole, ingawa ilikuwa safi. "Hata mimi sijui," alisema mwishowe. "Ndiyo maana nazungusha. Nikizungusha siwazi." Kisha akauliza, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu waoane, "Na ulipodhani hivyo, mbona hukwenda kwenu?"

"Nilikuwa nakupikia," alisema, na hapo machozi yakamtoka, yale aliyoyazuia tangu Jumatatu, akalia kwa sauti, mabega yakimtikisika, mume wake akizungusha polepole huku na yeye akilia, na Kokushubila hakushuka, kwa sababu biti ilikuwa imekwisha kuuma chuma.